Miguu ya Bunduki

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka huweka kikombe chini, hata kama kahawa bado ya moto. Nimezika wengi na nimeona mengi, lakini siku ile mpaka leo hunishtua kana kwamba imetokea asubuhi ya leo. Kaa karibu nikusimulie, na hiyo simu yako ilaze kifudifudi kidogo. Haitakimbia.

Rusayl unapajua. Wewe unapajua kwa viwanda na malori na vumbi la saruji. Mimi nilipajua palipokuwa mwitu wa miti ya miiba, ile inayoitwa samri, imesongamana kwenye mabonde makavu, na ndani yake wamo paa. Wakati huo tulikuwa tunakaa Darsait kwa Ami Khalfan, ndugu wa baba yangu: mimi, mama, na kaka yangu Seif. Ndiyo kwanza tumetoka Unguja baada ya mapinduzi, tumekuja huku Omani na nguo za mwilini na majonzi yetu, basi. Miaka ya mwanzo ilikuwa mizito kwa mengi, na moja ambalo watu hawapendi kulisema ni kwamba tulichekwa.

Huku kila mwanamume alikulia na bunduki. Sisi tulikulia na vitabu vya shule na mpira wa jioni. Seif aliposa binti wa watu Mutrah, na baba wa yule binti akasema barazani, mbele ya wageni, kwamba kijana hana ubaya wowote, ila hawa waliotoka Zinjibari bunduki wanaishika kama mwiko wa wali. Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Seif alirudi nyumbani hakula. Tangu siku ile akajifunza kulenga kwa bunduki ya Ami, na kusema kweli alikuja kuwa hodari. Alisimama wima, kitako begani, mkono hautikisiki, na kopo juu ya jiwe likaruka. Mimi mdogo wake nilimwona simba.

Ami Khalfan mwenyewe alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kikohozi kisichokwisha. Ujanani alikaa Unguja miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitaa ya Ng'ambo khasa. Hakuna aliyejua kuvizia paa kuliko yeye, na hakupata kupiga risasi ila bunduki imekaa juu ya fimbo zake mbili. Zilikuwa fimbo za mkunazi, amezifunga pamoja kwa ukanda wa ngozi karibu na ncha. Akizitanua zinasimama kama mkasi uliofunguliwa, na mtutu unalala pale zinapokutana. Mwenyewe akiziita miguu. Bunduki haina miguu, akisema, ndiyo maana inayumba. Ipe miguu yake.

Seif alimwitikia kwa adabu, lakini kando akaninong'oneza kwamba zile ni fimbo za wazee, na mtu anayekwenda kuoa haendi na mkongojo. Mimi nilicheka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa hivyo sote chuoni, lakini nani katika ujana anayefikiri guu lenyewe ni lake?

Basi ikakaribia siku ya kupeleka mahari, na Seif akataka ampelekee mkwewe paa aliyempiga kwa mkono wake mwenyewe, ili yale maneno ya mwiko yaishe. Tulitoka alfajiri, milango ya mji wa Mutrah, iliyokuwa ikifungwa usiku, ilipofunguliwa, tukapanda lori la mchele lililokuwa likienda bara, likatushusha Rusayl jua linachomoza. Ami alitutangulia. Akanyanyua mchanga kidogo, akauachia vidoleni kuona upepo unakwenda wapi, kisha akatuzungusha ili upepo utupige usoni. Tukaenda tukiinama, mti hadi mti, bila ya neno.

Paa tulimwona kwenye uwazi baina ya miti miwili, amesimama ubavu, anakula. Alikuwa mzuri, wallahi, mpaka nikasahau kilichotupeleka. Ami alipiga goti taratibu, akatanua fimbo zake, akazisogeza mbele ya Seif. Seif akazisukuma kando kwa goti lake. Akasimama kama anavyosimama kwa kopo, akasoma bismillahi, akalenga. Niliona mkono wake wa kushoto umeanza kuchoka, mtutu unashuka na kupanda kidogo kidogo, na nikajua kwamba anataka kuwahi kabla haujamshinda.

Akafyatua. Paa akaruka mara moja, hewani kabisa, akatokomea kushoto. Hakuguswa hata unywele. Seif akatema mate, akataka kumkimbilia, na Ami akamshika kanzu.

"Imekwenda wapi?" Ami akauliza.

Seif akaonyesha kushoto alikokimbilia yule paa.

"Sikuulizi paa. Nakuuliza risasi yako."

Mimi nilidhani mzee anatania. Risasi iliyokosa imekosa, nani anaifuata? Lakini Ami alikwisha kuokota fimbo zake na kuanza kwenda, moja kwa moja, ule upande ulioelekea mtutu. Alikuwa na desturi hiyo, nilikuja kujua baadaye: risasi isiyompata mnyama haiachi mpaka aone ilipolala. Seif akafuata akinung'unika kwamba muda unapotea na jua linapanda.

Kwenye mti wa kwanza tukakuta gome limebanduka, jeraha jipya, bado linatoa utomvu. Ami akaweka kidole pale, akaangalia mbele, akaendelea. Palikuwa na mteremko, na chini ya mteremko bonde dogo ambalo hatukulitupia jicho tulipokuwa juu. Katikati ya bonde umesimama samri mkubwa, na kwenye tawi lake la chini kimening'inia kitu. Kwa mbali nilidhani ni kiriba cha maji.

Hakikuwa kiriba. Kilikuwa mfuko wa ngozi uliotungikwa kwa kamba, kama susu, namna wanavyowatungika watoto wao wanawake wa kibedui wanapokwenda na mbuzi, ili nge na nyoka wasiwafikie. Na kwenye ngozi, upande wa juu, palikuwa na tundu. Upande wa pili palikuwa na tundu jengine.

Bunduki ikamtoka Seif mkononi ikaanguka mchangani. Ami peke yake ndiye aliyekwenda. Alikwenda polepole, akafungua ule mfuko, akatia mkono ndani. Akakaa hivyo kwa muda ambao sitaki hata kuukadiria. Kisha nikaona mgongo wake unatikisika, na nikajua kwamba tumeua.

Lakini Ami aligeuka, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, akasema, "Yu hai." Nikasogea. Mtoto alikuwa macho, mtoto wa miezi michache tu, amejitia ngumi nzima mdomoni, anatutazama kama wageni waliochelewa. Tundu lilipita juu ya utosi wake. Ukiweka kiganja chako baina ya tundu na kichwa, basi hakipati nafasi.

Wa mwanzo kupata sauti alikuwa Seif, na nasikitika kukwambia alichosema. "Ami, twende zetu. Mtoto mzima. Hakuna aliyeona. Watu hawa wakijua watatuua. Na ajali haina kinga."

Ami alifuta uso kwa ncha ya kilemba. Hakupandisha sauti.

"Kinga ulikuwa nayo, Seif. Nilikuwekea mbele yako, ukaisukuma kwa goti. Unafikiri fimbo hizi ni za kusaidia mkono? Mkono wako mzuri kuliko wangu. Fimbo zinakupa muda. Mkono ukitulia, jicho linapata nafasi ya kutazama nyuma ya paa. Wewe ulitazama paa tu, na nyuma ya paa ulimwona mkweo." Akakohoa, kisha akamwambia, "Sasa kaa chini. Tunamngoja mwenyewe."

Tukakaa. Nakwambia kweli, niliogopa kuliko nilivyoogopa siku tulipotoka Unguja, na siku ile niliogopa sana. Mbuzi ndio waliotangulia, kisha akatokea mwanamke kijana, barakoa ya kibedui usoni, dumu la maji kichwani. Alipoona wanaume watatu karibu na mwanawe, dumu lilianguka, na akaokota jiwe. Ami akasimama, mikono mitupu, akamtolea salamu kwa mbali, kisha akamweleza. Hakuficha kitu. Alimwambia tulikuwa tunawinda, risasi imekosa, imepita kwenye susu la mtoto, na mtoto ni mzima, alhamdulillahi, lakini aje aone mwenyewe.

Yule mwanamke akaja akatia kidole kwenye tundu la kwanza, kisha la pili. Halafu akauliza, "Nani kapiga?"

Ami alifungua mdomo kujibu, maana yeye ndiye mkubwa wetu na bunduki ni yake. Seif akamwahi.

"Mimi."

Nilimgeukia nikashangaa, maana ndiye yule yule aliyetaka tukimbie. Mwanamke akamtazama. Akamtoa mtoto mfukoni, na kwa kuwa alitaka mikono miwili ya kumfungulia vitambaa ampekue mwili mzima, akampachika kwenye mikono ya Seif. Mpaka leo sijui kwa nini alimpa yeye na si Ami.

Na ule mkono, mwanangu, mkono usiotikisika kwa kopo, ulianza kutetemeka. Ukatetemeka mpaka viwiko, mpaka mabega, mpaka mtoto akaanza kulia. Seif akawa analia naye. Yule mama akamwambia, kwa ukali lakini bila ya chuki, "Egemea mti, we. Utaniangushia mwanangu."

Seif akarudi nyuma, akaegemeza mgongo kwenye shina la samri, miiba na yote. Ndipo mikono yake ikatulia. Mama akafungua vitambaa kimoja kimoja, akatazama kichwa, shingo, masikio, vidole vya miguu. Hakukuta kitu. Akamchukua mwanawe, akamtia kifuani, akatwambia twende. Mume wake akirudi atamweleza kama tulivyomweleza sisi. Na lau tungeondoka, akasema, tundu angeliona mwenyewe, na mumewe angetufuata popote.

Tulirudi bila ya paa. Seif alikwenda Mutrah mikono mitupu, akamsimulia mkwewe kisa chote, hata pale aliposema twende zetu. Mzee yule hakucheka. Ndoa ilipita. Na siku ya Idi, wanaume walipopiga shabaha, Seif akatoka na fimbo mbili za mkunazi akazitanua mbele ya kaumu nzima. Kijana mmoja akaanza kucheka, mkwewe akamwambia anyamaze.

Siku hizi kuwinda ni marufuku, na bora hivyo. Sikukusimulia kwa ajili ya bunduki. Jana umenisomea maneno uliyomwandikia dada yako kwa ile simu, ukiwa umesimama, hasira juu, kidole kimoja. Ukaniambia, Babu, nimeshamtumia, yamekwisha. Hayajakwisha. Unajua wewe yamepita wapi? Unajua nani alikuwa nyuma yake akiyasoma, mume wake, au wale wanawe?

Nasaha yangu ni hii. Kabla hujaachia kitu usichoweza kukirudisha, tafuta pa kuegemea: sala, usingizi wa usiku mmoja, au mzee mwenye kikohozi. Kuegemea si udhaifu. Hata mtoto mchanga alitaka mikono iliyoegemea. Muda utakaoupata utumie kutazama nyuma ya unayemlenga. Na ikiwa umekwisha kufyatua, usiseme umekosa ukaenda zako. Ifuate risasi yako, uione ilipolala, na ukae hapo mpaka mwenyewe aje. Akikuuliza nani, useme mimi.

Basi inuka, uende kwa dada yako kabla ya magharibi. Mwenyezi Mungu autulize mkono wako na alitangulize jicho lako mbele ya hasira yako, na kila ulichokikosea bila ya kujua akikinge kama alivyomkinga yule mtoto. Amin. Nipe kikombe changu, kahawa imeshapoa.