Kunguru wa Maman Adolphine

Mtaani kwetu Muhungu, mtu akisema "nyumba ya kung'aa" hakuna anayeuliza ni ipi. Ni ya Papa Stanislas, jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mapazia ya sebuleni yana vishanga, dari ina nyota za karatasi ya fedha, hata redio imevalishwa utepe wa kumetameta kama bibi harusi. Ukiingia mle na jua la saa nne, unatafuta pa kuweka macho.

Papa Stanislas mwenyewe alikuwa mkuu wa nidhamu shuleni kwa miaka ishirini na sita. Suruali yenye mkunjo, viatu vyeusi, maneno machache. Wanafunzi wakisikia kikohozi chake tu, walijipanga mstari. Msichana aliyevaa kitu cha kung'aa alinyang'anywa palepale langoni. Binti yangu Elodie alinyang'anywa hereni za mawe mekundu, zawadi ya shangazi yake wa Bunyakiri, na hazikurudi. Nilikasirika mno. Lakini kwenda kumdai Directeur, kama tulivyomwita? Nani angethubutu!

Kwa hiyo mtaa mzima ulijua bila kuuliza kwamba mapambo yale ni ya mkewe, Adolphine. Si ndiye aliyeonekana sokoni Nyawera akichagua tepe na nyota? Wageni wakishangaa, Papa Stanislas alitikisa kichwa na kusema, "Munivumilie tu. Bibi yangu, mambo yake njo ile." Adolphine alicheka, akaenda kuleta chai.

Pamoja na mapambo kulikuwa na kunguru. Kila asubuhi kunguru wa shingo nyeupe walishuka nyuma ya nyumba ile, wakala mabaki ya fufu, ugali wetu wa muhogo, wakaondoka. Mmoja alizoea kuleta kizibo cha chupa na kukiacha dirishani, na baada ya siku mbili utakiona kizibo kimeshonwa kwenye pazia. Hao nao tuliwaita kunguru wa Maman Adolphine.

Sasa nifike kwangu, maana hapa naona haya. Siku moja kwenye robine, tukisubiri maji, hasira ya hereni ikanipanda upya, nikasema mbele ya wamama: "Mama gani analisha ndege ya makaburi? Ye na bale ndege, banaongeaka nini?" Wakacheka. Nilitaka kumchokoza mume, lakini mume nilimwogopa, nikamuuma mke. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Haukupita mwezi, mtoto wa mtaa wa chini akashikwa na homa, na mtu akakumbuka kwamba kunguru alitua juu ya bati lao. Basi, neno langu likageuka kuwa bulozi, uchawi kamili. Wamama wakaacha kumsalimia Adolphine kwa mkono.

Mwezi wa Rozari ukafika. Katika shirika yetu, jumuiya ndogo ya parokia, sanamu ya Bikira Maria hutembea nyumba hadi nyumba, siku moja kila mlango. Jioni ya kuitoa kwangu, nyumba iliyofuata ilikuwa ya Adolphine. Papa Grégoire, mkubwa wa shirika, akatuuliza tufanyeje na nyumba ya kunguru. Tulitazamana. Hakuna aliyemtetea, na mimi nilitazama miguu yangu.

Tukapita. Adolphine alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha misa, mshumaa unawaka mkononi. Nyuma yake niliona kona waliyoiandalia sanamu, imepambwa kwa fedha na buluu. Mimi ndiye niliyeshika sanamu upande wa kulia. Tuliimba kwa sauti kubwa zaidi, tukaingia nyumba ya tatu.

Hakuniuliza kitu tangu siku ile. Mwezi wa kwanza tension, yaani presha, ikampanda, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Kwenye kilio wamama wa shirika walikuwa watano, na hakuna aliyeanzisha wimbo.

Siku ya kumaliza kilio, Papa Stanislas aliita shirika nzima. Watu walikuja kwa ajili ya Directeur. Akasimama na karatasi mkononi, kisha akaikunja bila kuisoma.

"Nasikia haya mbele ya Mungu na mbele yenu," alisema. "Ile mapambo yote, ni mimi njo nilikuwaka natengeneza. Ba kunguru, ni mimi njo nilikuwaka nabalisha. Bibi yangu alinibebea haya yangu miaka yote. Siku sanamu ilipita, nilikuwa ndani, nyuma ya rideau ya vishanga. Nilimuacha peke yake mulangoni na bougie yake inawaka. Hakukuwa mulozi. Muliimbe jina lake, nawaomba."

Kisha Papa Grégoire akainuka, machozi yanamtoka, akamkumbatia.

"Muone mwanaume!" akasema. "Bibi amekufa, na ye anataka kubeba makosa yake! Bandugu, ile njo mapendo ya ndoa!"

Watu wakapiga makofi. Papa Stanislas akapaza sauti, "Hapana, Grégoire, unisikilize kwanza!" lakini makofi yalizidi. Wamama walikuwa wanalia na kuambiana kwamba mume kama huyu hapatikani tena. Jina la Adolphine hakuna aliyeliimba.

Shirika ikaamua kumfariji. Jumamosi, ingawa haukuwa mwezi wa Rozari, sanamu ingelala nyumbani kwake. Mimi, kwa kuwa ni jirani, nikachaguliwa kuibeba.

Niliingia nayo peke yangu, wengine wamebaki uani. Kona ile ya fedha na buluu ilikuwa bado ipo, haijaguswa. Nilipoinama kuiweka sanamu, nikaziona. Hereni za Elodie, mawe mekundu, zimeshonwa kwa uzi mwembamba juu kabisa, mahali pa taji. Papa Stanislas aliona ninapotazama.

"Munisamehe kwa ile, Maman Nsimire," alisema polepole. "Ila nauliza kintu moya. Mwaka juzi, Adolphine alienda Luberizi kuuguza mama yake, mwezi muzima. Mulikuwaka munaanika nguo pale kwa ukuta, kila asubui. Ba kunguru balikuja, ao habakukuja? Grégoire anawaaminiaka ninyi. Museme tu kile muliona."

Uani Papa Grégoire alikwisha kuanza wimbo. Ningetoka na kusema maneno mawili, wangeuliza: kama ulijua, kwa nini ulisema yale kwenye robine?

"Papa, ile iko zamani," nilijibu. "Sikumbuke tena."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua mshumaa uliobaki nusu, ule wa Adolphine, akauwasha mbele ya sanamu, na mimi nikatoka kuimba na wenzangu.

Nakumbuka. Walikuja wanne kila asubuhi, mwezi mzima, na Papa Stanislas alichuchumaa katikati yao na suruali yake yenye mkunjo, akiwagawia fufu kwa mkono. Nilimwona kwa macho yangu, kabla sijafungua mdomo kwenye robine.