Udhu Wangu wa Kioto

Jamani, naandika haya uso ukiwa bado unaniwaka. Mimi ni muuza vitambaa wa Katesh, na enzi hizi za Mwingereza nimebahatika kufika Japani kutafuta kanga za duka langu. Nilifuatana na Gidamis, mfugaji wa Hanang, mshirika wangu katika biashara ya ngozi.

Huko Kioto asubuhi tulinunua vitambaa, kisha mwenyeji wetu akatupeleka kuona hekalu. Mlangoni palikuwa na birika kubwa la jiwe lililojaa maji, na kata za mianzi juu yake. Watu walikuwa wananawa mikono na kusukutua. Moyo ukafurahi. Kumbe hawa nao wanatia udhu!

“Nifuate mimi,” nikamwambia Gidamis. “Wewe mambo ya dini huyajui.”

Nikasukutua, nikapandisha maji puani, nikapenga. Nikaosha uso, na mikono hadi viwiko, nikapaka maji kichwani. Kisha nikavua viatu, nikaweka mguu wa kulia juu ya ukingo, nikausugua vizuri katikati ya vidole, maji yakirudi birikani.

Nilipoinua kichwa, uwanja mzima ulikuwa umenigeukia. Bibi kizee mmoja alikuwa ndiyo kwanza ametia maji mdomoni. Mashavu yamevimba, macho yamekodolea mguu wangu, hajui ateme au ameze.

“Shikamoo, bibi,” nikajikuta nasema.

Gidamis alisimama pembeni, mikono safi, viatu miguuni.

“Mbona hukunifuata?” nikamnong'oneza.

“Bwana Jumanne, mimi dini siijui,” akasema. “Ndiyo maana nilikuwa naangalia wenyeji.”