Ufa Chini ya Kibao cha Kugongea

Nakumbuka mchana mmoja wa mtaani kwetu Katwe ambao hata leo haujanitoka, na mimi sasa ni bibi wa wajukuu saba. Kaa hapa karibu, mwanangu. Hili sijamsimulia kila mtu.

Mjomba wangu Shabani, kaka yake marehemu mama, alikuwa fundi wa magitaa. Karakana yetu ilibanwa katikati ya wafua vyuma waliogonga masufuria na mageti tangu asubuhi, kwa hiyo kazi ya kusikiliza mbao tuliifanya saa saba, wenzetu wakienda kula. Mjomba aligonga ubao kwa kifundo cha kidole akatega sikio, nami nikabana pumzi. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilijua kila kitu. Unacheka? Wewe unayejifunza ufundi kwenye simu unajua zaidi yangu.

Basi askari mmoja wa bendi, Afande Okot, mtu wa kaskazini, akaagiza gitaa la flamenko, ule muziki wa Wahispania aliojifundisha mwenyewe kwa kanda za kaseti. Gitaa hilo huwa jepesi kuliko mengine. Mgongo tuliutengeneza kwa mbao za mti wa saipresi, uso kwa msonobari mwembamba sana. Na mpigaji wake hapigi nyuzi tu; huugonga ule uso kwa kucha, kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Ndiyo maana kando ya nyuzi hubandikwa kibao cha plastiki, chembamba kama karatasi ngumu, kipokee mapigo hayo.

Ilikuwa kazi ya miezi minane. Na katika miezi hiyo mikono ya Mjomba ilianza kutetemeka, kidogo tu. Chai aliishika kwa mikono miwili akidhani hatuoni. Sote tulijua anaogopa nini, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Siku gitaa lilipobakiza kibao tu, akaitwa msibani Bwaise. Akaniachia kazi. "Bandika tu, binti. Usiongeze la kwako."

Nikaongeza la kwangu. Niliona kitapendeza zaidi kikizama kidogo, kilale sawa na uso. Nikachukua patasi, nikachimba taratibu, najisifu peke yangu. Kisha nikapabonyeza kwa dole gumba nione pamekaaje. Ka! Ufa, urefu wa kidole.

Nilitazama mlangoni kama mwizi, mwanangu. Nikatia gundi, nikapiga msasa, nikakibandika kibao juu yake. Ungetazama usingeona kitu. Mjomba aliporudi alipitisha kiganja pale pale, akasema, "Mashallah." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Siku nne nililipita gitaa lile nikiangalia pembeni. Maana ufa niliuficha pale pale patakapogongwa.

Afande akaja saa saba, nyundo zimenyamaza. "Mzee, leo nataka kusikia mtoto yangu inalia!" Akakaa, akaanza polepole. Mimi sikusikia muziki hata kidogo. Nilikuwa natazama kucha zake. Akagonga mara ya kwanza, gitaa likahimili. Akagonga ya pili. Nikaanza kuomba dua niliyoikumbuka nusu. Kisha damu ikamchemka, akagonga kweli kweli, na Katwe yote iliyokuwa kimya ikasikia ubao ukipasuka.

"Mzee," alisema Afande kwa sauti ndogo, "hii nini sasa?"

Mjomba alilipokea gitaa. Ufa ulikuwa umetoka chini ya kibao na kukimbia hadi kwenye daraja la nyuzi. Hakunitazama mimi. Aliitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku.

"Ni mimi, Afande. Mikono yangu imekwisha." Kisha akachukua randa yake, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, akaniwekea mkononi. "Shika, binti. Mimi basi."

Na mimi nikaipokea, mwanangu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa macho ya Afande, niliogopa ukoo kusema mtoto wa marehemu ana mkono mbaya. Nikaipokea randa na nikanyamaza.

Wiki tatu zikapita. Mke wa Mjomba, Bi Zaituni, akaja karakana na mtandio umemkaa upande. "Binti, mjomba wako ana nini? Hataki kushika kisu. Hata ndevu hanyoi." Nilifunga mlango, nikamfuata mpaka nyumbani kwao, nikapiga magoti mbele ya Mjomba na kusema yote, kuanzia patasi.

Nilingoja kofi. Hakunipiga, wala hakupandisha sauti.

"Wiki tatu," alisema, "nimeogopa kumbeba mjukuu wangu, nisije nikamwangusha."

Alinisamehe, na Afande akapata gitaa jingine zuri. Mjomba naye akarudi kazini, lakini si yule yule. Mpaka anaingia kaburini, kila ubao alioumaliza aliniletea. "Hebu nitazamie, binti. Sijakosea hapa?" Nami nilimjibu, "Hujakosea, Mjomba," na hakuniamini hata mara moja.

Kwa hiyo nakuambia wazi. Utaharibu kazi, sote tunaharibu. Siku utakayoharibu, nenda ukaseme siku hiyo hiyo, na woga wako vivyo hivyo, kabla mtu mwingine hajaamini kwamba kosa ni lake. Mimi nilidhani ninaficha ufa wa mbao, kumbe nilikuwa nampasua mzee wa watu. Kusamehewa nilisamehewa. Kumrudishia nilichomnyang'anya sikuweza.

Mungu akuepushe na woga ulionishika mimi, mwanangu. Na ukikushika, akufungue ulimi mapema. Amina.