Wageni wa Kizimba

Mji wa Ngara umekaa juu ya kilima, na kila kinachomwagwa juu hushuka chini. Hilo halihitaji kusomea. Nyumba yangu iko upande wa mteremko, na chini yake kabisa, penye mikaratusi, liko iriba. Ndivyo sisi Wahangaza tunavyokiita kisima cha chemchemi. Bomba tunalo, ila lina siku zake za kutoa maji na siku zake za kutoa upepo, kwa hiyo iriba ndilo linalotunywesha. Nilipoolewa hapa nilimkuta mama mkwe wangu na wenzake wakisugua mawe yake kwa zamu. Hakuna aliyefulia pale. Hakuna aliyechota kwa chombo chenye masizi. Mtoto akikojoa karibu, mama yake alisugua, zamu iwe yake isiwe yake.

Juu ya iriba hilo halmashauri wakajenga kizimba cha taka.

Niliuliza mbona hapo. Mwenyekiti wa kitongoji akanijibu kwamba ndipo trekta linapoweza kugeuza. Basi. Watu wazima walikaa, wakatazama kilima kizima, wakalihurumia trekta.

Mwanzoni sikuwa na la kusema. Mzabuni aliyepewa kazi alikuwa na trekta lenye tela, na watu wa kupakia, na wanawake wenye vizibao vya rangi ya chungwa wa kufagia barabara kutoka stendi mpaka maofisini. Barabara ile mpaka leo inafagiwa. Pita asubuhi utaona vumbi limechorwa mistari ya chelewa kama uwanja wa mtu anayeoza binti. Wakubwa wanapita hapo. Trekta la kizimba chetu ndilo lililoanza kuja kwa kuvizia, likija leo linapotea, hatimaye tukawa tunalisikia tu likinguruma upande wa soko. Taka zikajaa, zikapanda ukuta, zikamwagika: maganda ya ndizi, manyoya ya kuku, mifuko, pampasi za watoto. Mbwa na kunguru wakagawana. Ikinyesha hata mvua ya kudanganya, maji meusi yanateremka njia ya iriba bila kuuliza mtu.

Nikapanda maofisini, na sikupanda mara moja. Msimamizi wa mambo hayo ni bwana afya, kijana mpole, anayeinuka kwenye kiti kunipa shikamoo. Huo upole wake ndio ulionichosha. Ataandika, atamwita mzabuni, atafuatilia. Ukitoka hapo huna pa kushika hasira yako. Siku moja nilimuuliza wazi, mzabuni anasimamiwa na nani. Akanieleza vizuri bila kunidharau. Yeye ndiye anayekagua, akiridhika anasaini, na saini yake ndiyo inayosema kazi imefanyika. Tena mkataba wa mzabuni ulikuwa unakaribia kwisha, na kabla ya kuongezwa ni lazima aje na kamati, waone vizimba vyote kwa macho yao.

"Njoo basi," nikamwambia. "Usiniamini mimi. Iamini pua yako."

Akacheka, akasema watakuja Alhamisi.

Niliteremka kilima nikiwa mwepesi. Mvua za Septemba zilikuwa bado. Nilijipigia hesabu zangu: kamati ikikiona kizimba kile kilivyo, mzabuni atanyimwa kazi au atabanwa mpaka azoe, na taka zikizolewa kabla ya mvua, iriba litapona.

Jumatano nikaenda Kanazi kumwona dada yangu anayeumwa mguu, nikalala huko. Alhamisi asubuhi bodaboda akanishusha pale juu ya barabara, na nilidhani kanishusha kitongoji cha watu wengine. Kizimba kilikuwa kitupu. Kimefagiwa mpaka pembeni, kimemwagiwa majivu, majani ya kando ya njia yamefyekwa. Viti vya plastiki vimepangwa penye kivuli, na juu ya stuli kuna chupa ya chai. Chai, jamani, kando ya kizimba. Wanawake wa jumuiya yetu ya sala walikuwa wanamalizia, wameinama na mafagio yao, na mbele yao yuko mkwe wangu, mke wa mwanangu wa mwisho, ambaye ndiye kiongozi wao.

Nikaja kuelewa baadaye. Mwenyekiti alikuwa ameandika kwenye kundi la simu kwamba wageni kutoka halmashauri watatutembelea, wananchi watoe ushirikiano. Kwetu ukishaambiwa mgeni anakuja, huulizi anakuja kufanya nini. Unafagia. Hata anayekuja kukushitaki kwa baba mkwe wako anaukuta uwanja umefagiwa, na maneno yake anayasemea pasafi. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemlea mkwe wangu hivyo alipoingia nyumbani kwetu.

"Mama, umeona?" akaniambia, uchafu umemfika viwikoni. "Leo hatutaaibika."

"Taka mmezipeleka wapi?"

Akanionyesha kwa kidevu. Nyuma ya kizimba, kwenye korongo, chini ya mikaratusi. Karibu zaidi na iriba kuliko zilivyokuwa.

 Kabla sijamwambia lolote, gari la halmashauri likafika. Akashuka bwana afya, wakashuka wanakamati, akashuka na msimamizi wa kazi aliyetumwa na mzabuni, viatu vinameta. Mtu huyo hakuwa amegusa hata ganda moja. Alizunguka kizimba, mikono nyuma, akawapongeza wanawake kwa ushirikiano wao mzuri na kampuni. Akakaribishwa kiti. Akanywa chai, akaongezewa.

Bwana afya alinitazama kwa mshangao.

"Bibi, ndicho kizimba chenyewe hiki?"

Ndicho. Nikamvuta kando nimwambie azunguke nyuma, lakini kwanza nikamuuliza, mtu akitupa taka korongoni inakuwaje. Akanijibu kwamba hilo halimhusu mzabuni. Mkataba unamdai kilichomo kizimbani tu. Anayetupa korongoni ni mwananchi, na mwananchi ana sheria yake ndogo, anapelekwa kwa mtendaji wa kata na kutozwa faini.

"Kwani kuna watu wanatupa korongoni?"

Nyuma yake niliwaona wale wanawake wamesimama na mafagio, nyuso zao zinang'aa kwa jasho na kwa kuridhika. Mkwe wangu alikuwa anamimina chai.

"Nauliza tu, mwanangu," nikasema.

Akaandika alichokiona. Akasaini. Gari likageuza palepale linapogeuza trekta, likaondoka, na wanawake wakapiga vigelegele.

Usiku ule sikumsemesha mkwe wangu, na asubuhi nilimsemesha kupita kiasi. Alilia. Akasema nilitaka afanye nini, awapokee wakubwa kwenye uvundo? Swali hilo lilinikera kwa kuwa jibu lake lilikuwa gumu kulitamka. Ndiyo, nilitaka hivyohivyo.

Mvua zikaja. Korongo likajaa na kushusha tulichokuwa tumekificha. Maji ya iriba yakageuka rangi, yakaanza kutoa harufu hata yakichemshwa. Tukaanza kwenda iriba la ng'ambo, kilima cha pili. Ukirudi na ndoo ya huko unajua kwamba umezeeka. Wenye pesa wakawapa bodaboda madumu. Wanawake walewale waliopiga vigelegele sasa wakawa wanamtukana mzabuni njiani, na kizimba nacho kikawa kimejaa tena, maana trekta halikuwa limesikia habari za pongezi zake.

Nikapanda tena maofisini. Mkataba ulikuwa umekwishaongezwa. Bwana afya akanifungulia faili na kunionyesha ukaguzi wake mwenyewe: kizimba kisafi, wananchi wanashirikiana. Akasema, bibi, nimekiona kwa macho yangu. Nikamwambia macho yake hayana kosa, kosa ni kwamba alitanguliwa na tarumbeta. Aje bila kutangaza. Akatikisa kichwa. Ukaguzi ni lazima utolewe taarifa, kwa mwenyekiti na kwa mzabuni pia, la sivyo mzabuni atasema ameonewa. Utaratibu. Nikaona hapo kwamba ofisi haitabadilika kwa ajili yangu. Waliobaki wa kubadilika ni sisi.

Bwana afya alipotangaza kwamba anarudi kukagua, nilisimama kwenye sala ya jumuiya baada ya amina. Nikawaambia safari hii asifagie mtu. Mama mmoja mnene anayeuza maandazi stendi akasema, bibi, utatutia aibu mbele ya kamati nzima. Nikamjibu kwamba aibu ina mwenyewe, na mwenyewe ana trekta. Mwingine akauliza tufagie hata kidogo, njia tu. Nikasema hata njia. Nikaona wanatazamana, nikajua wataniitikia hapa na alfajiri watafagia. Kwa hiyo nikawaambia kila mmoja alete fagio lake nyumbani kwangu jioni ile.

Waliyaleta, wakiguna. Yule wa maandazi alisema anajihisi kama mtu aliyenyang'anywa nguo. Nikayaweka nyuma ya mlango, nikafunga. Mkwe wangu akaleta la kwake akiwa wa mwisho kabisa, akalisimamisha pembeni kama mtu anayelaza mtoto.

Asubuhi nikamkuta amesimama peke yake kando ya kizimba, mikono ameikunja kwapani. Taka zilikuwa zimefika njiani. Hakuwa amefagia. Alikuwa amejizuia tu, na nilimwona anavyoteseka. Nami nitasema kweli, gari lilipoanza kusikika, mkono wangu mwenyewe uliinama kuokota mfuko uliokuwa miguuni kwangu. Nikauacha.

Bwana afya alishuka, akakanyaga, akatazama alichokikanyaga. Wanakamati wakabaki ndani ya gari kwanza. Yule msimamizi akaanza palepale kwamba wananchi wa hapa wanazalisha taka kupita kiasi, na kwamba safari iliyopita palikuwa pasafi, kamati nzima ni shahidi.

"Ni kweli," akasema bwana afya, leso puani. "Bibi, mbona safari ile palikuwa pasafi?"

Wanawake wote wakanitazama.

"Safari ile ulikuwa mgeni wetu," nikamwambia. "Tulikufagilia sisi, si huyu. Leo umekuja kazini, ndiyo maana hakuna chai."

Mmoja wa wanakamati akacheka kwa pua. Msimamizi akatazama viatu vyake. Bwana afya hakucheka. Akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, taka za safari ile tulizipeleka wapi. Nilimwonyesha kwa kidevu, kama nilivyoonyeshwa mimi, nikamwambia kama ni faini aanze na mimi, maana mgeni nilimwalika mimi. Akatazama korongo, akatazama chini kwenye iriba. Hakumtoza mtu. Akasema tu kwamba za kizimbani atazizoa mzabuni leo, na za korongoni ni zetu.

Trekta lilikuja jioni ileile. Kumbe lilikuwa zima. Nasi tukashuka korongoni na vikapu, tukapandisha uchafu ule mpaka kizimbani, na vijana wa mzabuni wakaupakia wamenuna. Kesho yake tukasugua mawe ya iriba, wote pamoja bila zamu, mkwe wangu kaingia mpaka magotini.

Nikaomba basi kizimba kihamishwe. Mwenyekiti akasema wazo limepokelewa. Limepokelewa mpaka leo. Trekta lilikuja kwa adabu kwa muda, sasa limeanza tena kuvizia, na maji ya kunywa bado nayafuata ng'ambo, kwa kuwa ya hapa nayaamini kwa kufulia tu.

Mafagio niliwarudishia wenyewe, wafagie nyua zao. La mkwe wangu bado liko nyuma ya mlango wangu. Amekuja kuliomba, nimekataa. Kwenye kundi la simu wameandika kwamba wageni wanakuja tena.