Skrini Kubwa, Memori Kidogo

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na mke wangu tuliamua kujiundia kompyuta ya kuchezea michezo nyumbani kwetu Migori. Uwezo wetu ulitosha kifaa kimoja kizuri tu. Vingine vingekuwa kuukuu, vilivyotupwa na maofisi. Fundi alitushauri tuongeze memori ili mashine iende kasi, na mke wangu akakubaliana naye. Lakini mimi nilikuwa nimeona skrini Isebania, kubwa kama televisheni ya baa, na moyo ulishabaki huko.

"Utaangalia nini humo?" mke wangu aliuliza.

"Kila kitu," nikamjibu, nikaenda kuinunua.

Tulipowasha mchezo wa mbio za magari, gari letu lilisogea kidogo, likapumzika, likasogea tena. Ungeweza kumenya ndizi nzima kabla halijakata kona.

Jumapili mama yangu alitutembelea kutoka Kendu Bay. Hajawahi kuendesha hata baiskeli. Tulimwonyesha vitufe vya kubonyeza, akaketi. Alipunguza mwendo kila kona, na kwa kuwa mashine ilimpa muda wa kufikiri, hakugonga kitu. Akamaliza wa kwanza. Mimi sikuwa nimewahi kufika hata nafasi ya tano.

"Hii gari ni nzuri," akasema bila kuinuka. "Haina haraka ya kijinga."

Mke wangu alicheka mpaka akatoka nje. Jumapili iliyofuata mama alirudi, na chai yake tulimpelekea palepale kwenye kibodi.