Niliitoa Injini ya Marehemu Nikiwa Ndani ya Eda

Kosa ni langu. Sikutumwa na shetani wala na jirani, ni mdomo wangu mwenyewe.

Marehemu mume wangu, Nassor, alikuwa na gari la Kimarekani, lile la boneti refu na silinda nane, linalonguruma mpaka mbuzi wa mji wetu wa Sur, Omani, wanahama mtaa. Alilinunua bovu kwa Mmarekani mmoja wa kampuni ya mafuta aliyekuwa akirudi kwao. Miaka minne alilitengeneza uani. Aliwaambia watu kwamba magari ya namna ile ni machache duniani, na kwamba lake ni la asili: nambari ya kwenye injini na ya kwenye bodi ni moja.

Nami alinieleza. Kila jioni alinieleza. Mimi nilikuwa nikichambua mchele na kuitikia, "Ee, bwana." Sikusikia hata neno.

Akafa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ghafla tu. Nikakaa eda. Tukagawa kanzu zake, kofia, viatu. Siku moja akabisha Khalfan, mwenye mashua ya kuvulia upande wa Aija, ng'ambo ya hori. Mimi sitoki mbele ya wanaume, basi tukazungumza mlango umefungwa.

"Bi mkubwa, pole. Naambiwa kuna chuma kizito kwa marehemu. Mashua yangu haina nanga ya maana."

"Kipo stoo, kwenye gunia. Kichukue, umwombee dua."

Nilisikia wanaume wanne wanakibeba huku wanahema. Nikaona nimefanya sadaka kubwa.

Nilipotoka eda, shemeji yangu Hamed, mdogo wake marehemu, akaleta bwana mmoja kutoka Maskati, mjuzi wa magari hayo, aje kulikagua lile la marehemu. Akafungua boneti, akainama, akafuta kwa kitambaa, akacheka.

"Hii injini ya pikapu."

Hapo ndipo nikakumbuka. Nassor aliwahi kusema kwamba ametia injini ya muda ili gari lisogee, na ile yenyewe ameifunga kwenye gunia mpaka vipuri vije. Nilikuwa nimeitoa sadaka.

Mngesema nilifungua mdomo hapo hapo. Sikufungua. Niliona haya. Nikaenda kupika kahawa.

Ijumaa tatu nilinyamaza. Ijumaa tatu wanaume barazani wakamfanya mume wangu hadithi. "Nassor na gari lake la asili!" Mmoja akauliza kama na ndevu zake zilikuwa za asili. Hamed, aliyekuwa akimwamini kaka yake kuliko mtu yeyote, akaja kwangu macho mekundu.

"Shemeji, Mungu amrehemu, lakini kaka alitudanganya."

Sikuweza tena. "Hakudanganya. Injini yake ipo majini."

Akanitazama kama niliyerukwa na akili.

Yule mjuzi aliitwa tena. Maji yalipokupwa tukaenda horini Aija. Khalfan alikasirika kweli.

"Bi mkubwa, sadaka hairudishwi. Na nanga kama hii sijapata kuiona. Pepo zote zile, mashua haikusogea hata shibri."

"Itasogea vipi, Khalfan? Umeifunga kwa silinda nane."

Ikavutwa kwa kamba mpaka mchangani, imejaa chaza na kaa wawili wenye hasira. Mjuzi akapiga magoti na kisu, akakwangua. Hamed akashika karatasi aliyonakili nambari ya bodi.

Mmoja anasoma, mwengine anaitikia, tarakimu moja moja. Ya mwisho ilipotimia, Hamed alikaa mchangani na kanzu yake nyeupe, akalia.

Injini yenyewe ilikwisha, chumvi imeila. Khalfan akaifunga tena kamba yake, ikarudi kuwa nanga. Mjuzi akaandika cheti, nacho tunacho: gari ni la asili, na injini yake ya asili ipo Sur, imefunga mashua. Hamed akakisoma barazani kwa sauti, mara mbili. Hakucheka mtu.

Lakini zile Ijumaa tatu Nassor alikuwa mwongo, na aliyemfanya mwongo ni mkewe aliyejua. Hilo halina cheti.

Wenzangu mlio edani, msitoe kitu kwa mlango uliofungwa mpaka warithi wakione. Na kama maiti wako anasingiziwa kwa kosa lako, sema siku ile ile. Yeye hawezi kujitetea, na haya yako haimfai kitu.