Siku Gurudumu Liliposimama

Mwezi uliopita nilikuwa Homa Bay kuchukua miguu ya meza. Karakana yenyewe iko nyuma ya soko, na nilipofika, kijana mwenye mashine ya umeme alikuwa bado anakereza mguu wa nne. Waya ulikuwa umelala sakafuni mlangoni. Akaniambia bila kuinua macho, "Chunga, mama." Nami, mtu mzima wa umri wangu, nikasimama wima na kikapu changu mkononi, nisiende mbele wala nyuma. Kijana akacheka. "Nimesema uchunge waya, sijasema usimame."

Sikumweleza. Ningeanzia wapi? Lakini wewe nitakueleza, maana harufu ya mbao iliyokuwa ikitoka pale imenikaa puani tangu siku hiyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, pembeni mwa mji wa Migori. Baba yetu alifariki wakati wa kupalilia, na mama akamfuata kabla mwaka haujaisha. Tulibaki wanne: mimi, niliyeacha shule darasa la saba, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi, na wavulana wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine ambaye alikuwa hajaanza shule. Asubuhi nilikoroga uji wa mtama, nikawapeleka watatu kisimani, kisha nikaenda shambani. Jioni tulikula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemka mchana kutwa juu ya moto wa makombo ya mbao.

Makombo hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye kikundi. Nyuma ya kanisa kulikuwa na banda la mabati lisilo na kuta, na ndani yake watu kama kumi walikutana kila Jumapili mchana kukereza mbao. Walichagua Jumapili kwa sababu Wasabato hawangeweza kugusa chombo Jumamosi, na Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misa, wengine bado wamevaa viatu vizuri. Walikereza bakuli, miguu ya viti, mipini na michi ya vinu. Mimi nilikwenda na gunia kuokota maganda ya mbao ya kuwashia moto. Nikawa nakawia. Nikaanza kukaa. Siku moja fundi aliyekiongoza kikundi akanisukumia patasi kwa mguu wake na kusema, "Wewe msichana, kama utatukodolea macho hivyo, afadhali ushike kitu."

Fundi huyo alikuwa Mkuria wa kutoka Kegonga. Alikuwa ameishi kwetu miaka mingi, lakini Dholuo yake, lugha yetu Wajaluo, iliishia kwenye salamu, kwa hiyo kazi yote ya banda ilifanywa kwa Kiswahili. Mashine aliitengeneza mwenyewe. Upande mmoja palikuwa na gurudumu kubwa la chuma lililotoka kwenye mashine ya kusaga posho, lenye mkono wa kuzungushia. Mshipi wa ngozi ulitoka kwenye gurudumu hilo hadi kwenye ekseli ndogo, na mbao ilifungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya watu wawili: mmoja wa kuzungusha na mmoja wa kukata. Patasi zilifuliwa kutoka kwenye springi za magari.

Alinifundisha kuchagua siala, ule mti tunaojengea nyumba, na kuupasua ukiwa mbichi ili kuondoa kiini, kwa maana bakuli likibaki na kiini litapasuka hata ulifanyie nini. Ukishalikereza mara ya kwanza, unaliacha nene, unalizika ndani ya gunia la unga wa mbao likauke polepole kwa majuma mengi. Linatoka limepinda kidogo kama uso wa mtu aliyelala vibaya. Hapo ndipo unalikereza mara ya pili. Na kila mara nilipoweka patasi alinikumbusha, "Kisigino kwanza, halafu mdomo." Maana yake, unalaza mgongo wa patasi kwenye mbao kwanza, usikate kitu, kisha unainua mpini taratibu mpaka yale makali yaanze kula. Aliyetanguliza makali alipigwa na patasi yake mwenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja pale ambaye alikosa jino kwa sababu hiyo, naye alipenda kulionyesha lile pengo kwa wanafunzi.

Aliyenizungushia gurudumu alikuwa mdogo wangu wa kike. Alikuwa mwembamba lakini alikuwa na mwendo sawasawa, kama mtu anayetwanga na wimbo kichwani. Wanaume walimpenda kwa hilo. Mmoja tu, kijana aliyeuza mafuta ya taa sokoni, hakuacha kutuchokoza.

"Sasa mkikereza nyinyi, ugali atapika nani?"

"Wewe una mikono," mdogo wangu alimjibu bila kupunguza mwendo. "Ama ni ya kushikia mtungi tu?"

Banda zima likacheka, na yeye pia akacheka, ila nadhani hakusahau.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, baba mdogo alikuja nyumbani. Ndiye aliyebaki wa kutusimamia, na yeye mwenyewe alikuwa na watoto saba. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa maji, akasema ameshazungumza na watu. Mdogo wangu wa kike angekwenda Rusinga kwa shangazi. Yule wa miaka minane angekwenda Macalder kwa mjomba, ambaye alichimba dhahabu, akamsaidie kuchekecha mchanga. Mdogo kabisa angemchukua yeye. Mimi ningeolewa, hilo lingejitafutia njia.

Nilimwambia hapana. Sikuwahi kumwambia mtu mzima hapana. Nilimwambia nina kazi ya mikono, na wanne hawa watakaa hapa.

"Kazi gani, nyathina, mwanangu? Kuokota maganda?"

"Kukereza."

Aliweka kikombe chini. Hakuwa mtu mbaya, lazima uelewe hilo. Alikuwa amechoka. Akasema, "Kuna mtu gani atakayesimama mbele ya ukoo aseme wewe ni fundi?"

Nikasema kikundi kitasema. Na hapo nikajifunga mwenyewe, kwa sababu kikundi hakikumwita mtu fundi bila mtihani. Kila mwanachama aliupita. Unakereza bakuli mbele ya wote, na mkato wa mwisho wa ndani, kuanzia ukingoni hadi katikati, unaupitisha mara moja, gurudumu lisisimame. Likisimama patasi ikiwa ndani, linaacha ngazi ndogo ambayo jicho huenda lisiione lakini kidole kitaisikia, na chakula kitaganda hapo. Gurudumu likisimama, umeshindwa, utasubiri mpaka msimu mwingine wa mbao kavu. Baba mdogo alisema atakuja kuona kwa macho yake. Kama nikiitwa fundi, sawa. Kama sivyo, kesho yake asubuhi watoto wangeondoka. Mdogo wangu wa kike alizifunga nguo zake mwenyewe ndani ya leso, akaziweka nyuma ya mlango.

Jumapili hiyo watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Baba mdogo alikalia gogo karibu na nguzo, kofia magotini. Wale wavulana wawili niliwaketisha miguuni pake, nikawaambia wasicheze na maganda. Nilifunga bakuli langu kwenye ekseli, nikalizungusha kwa mkono kuona kama limekaa sawa. Mdogo wangu akashika mkono wa gurudumu. Tukatazamana. Akaanza.

Nje nilimaliza bila shida. Ndani nikachimba polepole, maganda yakitoka marefu na laini, yakiniangukia miguuni yakiwa na joto. Nilipofika kwenye mkato wa mwisho fundi aliinua kidole, banda likanyamaza. Palibaki sauti ya mshipi tu na pumzi ya mdogo wangu. Kisigino kwanza. Nikainua mpini. Makali yakaingia, ukingo ukapita, ubavu ukaanza. Kijana wa mafuta ya taa alikuwa ameinama mno ili aone, na mkono wa shati lake ukawa unaning'inia karibu na mshipi.

"Chunga!" fundi akapaza sauti.

Gurudumu likasimama.

Mdogo wangu alikuwa amelizuia kwa mikono miwili na goti. Patasi yangu ilikuwa katikati ya bakuli, imetulia kama kijiko kwenye sahani.

Kijana wa mafuta akavuta mkono wake, akaukagua, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Imesimama. Sote tumeona."

"Wewe mtoto," fundi akamgeukia mdogo wangu, "nani amekuambia usimamishe?"

"Ni wewe."

"Mimi?"

"Umesema chung'."

"Nimesema chunga!"

"Ndiyo," akasema mdogo wangu, machozi yameanza kumtoka. "Chung'. Nikasimama."

Baadhi ya wanaume walicheka, halafu wakaacha. Fundi alitazama huku na huku, hakuelewa. Miaka yote ile katikati yetu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba neno lake la kuonya, kwenye sikio la Mjaluo, lafanana na neno letu la kusimama. Sisi wakubwa tulikuwa tumezoea. Mtoto mwenye hofu husikia kwanza lugha ya mama yake.

Nilijua ni mimi niliyepaswa kueleza. Lakini nilikuwa naiona tu ile leso ya nguo nyuma ya mlango wa nyumbani.

Aliyesimama alikuwa baba mdogo.

"Fundi," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "mimi si mtu wa banda hili. Lakini kwa lugha yetu chung' ni simama. Hata mimi nilikuwa nakunja mguu, nikaacha. Huyu mtoto ametii mkubwa. Kama kutii ni kosa, basi kosa ni letu tuliomfundisha."

"Lakini alama iko, baba," kijana wa mafuta alisema.

"Alama sijaikataa. Naongea juu ya mtoto."

Fundi aliingiza kidole ndani ya bakuli, akakizungusha. Aliipata ile ngazi mara moja, niliona kwenye uso wake. Kisha akasema, "Neno lilikuwa langu. Msichana atapita tena, kama wenzangu mnakubali." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Yule mwenye pengo akasema, "Apite." Ndipo fundi akanisogelea na kuniambia mimi peke yangu, "Lakini ubavu umebaki mwembamba. Ukipita tena kuondoa hiyo ngazi unaweza kutoboa. Ukitoboa, siwezi kukusaidia mara ya pili. Unaweza pia kungoja msimu mwingine. Hakuna atakayekucheka."

Msimu mwingine. Kesho asubuhi mmoja Rusinga, mmoja Macalder.

Nikamwita mdogo wangu, nikamwambia kwa Dholuo, polepole, kwamba azungushe na asisikie sauti ya mtu yeyote, hata banda likiwaka moto, mpaka mimi nimwite kwa jina lake. Akafuta mikono kwenye gauni. Akaanza.

Mkato huo siwezi kukueleza vizuri. Patasi haikukata, ilikuwa kama inalamba. Sauti ya mbao ilipanda, ikawa nyembamba zaidi na zaidi, kama maji yanapojaa kwenye mtungi, na nilijua kwamba sauti hiyo ikikatika ghafla, nimetoboa. Ngazi niliisikia ikipita chini ya makali, tik moja ndogo mkononi. Ubavu. Kona. Chini. Katikati. Nikainua patasi, nikaita jina la mdogo wangu, na alikuwa amefumba macho.

Fundi alilifungua bakuli, akaliinua juu. Jua la mchana lilipita ubavuni likawa rangi ya asali. Akaligonga kwa ukucha, likalia. Alimpa baba mdogo alishike, akasema, "Huyu ni fundi wetu."

Baba mdogo aliligeuza mara mbili, akanirudishia. Akauliza, "Watoto wamekula?" Nikasema bado. Akachukua kofia yake na baiskeli, akaenda. Kesho yake asubuhi tulikaa tumevaa, tukimngoja, uji umepoa kwenye vikombe. Hakuja. Jua lilipokuwa juu ya mabati nilimwambia mdogo wangu afungue ile leso.

Banda halipo tena. Palipokuwa na mashine sasa wanauza ndoo na viti vya plastiki, na mabakuli ya plastiki vilevile, mepesi, ya kila rangi. Fundi alirudi kwao Kegonga akazeeka huko. Gurudumu sijui liliishia wapi. Hakuna tena Jumapili ambayo Msabato na Mkatoliki wanagombania zamu ya patasi, wala sijaona mtoto anayejua kuzungusha kwa mwendo mmoja mpaka jasho limkauke. Wadogo zangu wote walikua nyumbani kwa baba yetu, wakaondoka mmoja mmoja walipotaka wenyewe.

Baba mdogo hakuwahi kunizungumzia siku ile, nami sikumwuliza. Tulipomzika, shangazi wa Rusinga alikaa nami jikoni tukichambua mchele. Akaniambia kwamba Jumatatu ile baba mdogo alisafiri mpaka Mbita, akavuka kwa miguu juu ya tuta hadi kisiwani, mvua ikimnyeshea, kumwambia kwamba msichana haji. Shangazi alimkasirikia sana, kwa kuwa alikuwa ameshamtayarishia mahali, hata shuka jipya ametandika. Baba mdogo hakubishana. Alisema amewaona wale watoto wakifanya kazi na hawezi kuwatenganisha. Kisha akaomba uji, akanywa, na kwa vile hapakuwa na kitanda kingine, akalala kwenye kile kilichotandikwa kwa ajili ya mdogo wangu, miguu ikitokeza nje, mpaka asubuhi.